Cheti cha Macho Makavu

Ipo nchi inaitwa Jamhuri ya Mustarehe. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wenyewe waliomba ifutwe ili majirani wasizidi kuona wivu. Mimi nchi hiyo naipenda na sina neno baya juu yake. Watu wake wana furaha. Wana furaha kwa mujibu wa sheria, na sheria hiyo ilipita bungeni kwa kishindo bila mbunge hata mmoja kupinga, kwa kuwa yule aliyekusudia kupinga alifurahi mno siku ile akashindwa kutoka nyumbani kwake, na askari waliokuwa mlangoni pake nao walifurahi kumzuia.

Siku kubwa kuliko zote huko ni Siku ya Furaha ya Taifa, yaani siku aliyozaliwa Mheshimiwa Rais, Baba wa Tabasamu. Siku hiyo kila raia husimama mbele ya mlango wake asubuhi na kucheka mpaka king'ora kilie. Wagonjwa huchekea kitandani. Viziwi huoneshwa kwa mkono wakati wa kuanza. Na ilikuwa asubuhi ya siku hiyo, miaka kadhaa iliyopita, ambapo Mzee Kasubi, mume wa Bi Nyamizi, alipatwa na utovu wa nidhamu akafa.

Hakukusudia, maskini. Alikuwa anafunga vifungo vya shati ili atoke akacheke na wenzake. Akashika kifua, akaketi kitandani, asiinuke tena. Bi Nyamizi alimwita na kumtikisa, na alipoona haitikiwi alitoka mbio, kanga imemdondoka begani, akaangua kilio pale pale mlangoni, mtaa mzima ukiwa unacheka. Majirani walimsikia. Kwa kuwa walimpenda, walizidisha kicheko ili kumfunika, wengine hadi wakapaliwa. Haikusaidia. Kilio chake kilifika hadi kituo cha polisi.

Alishtakiwa kwa kosa la kulia hadharani siku ya furaha. Hakimu, mtu mpole mwenye tai ya njano, alimwuliza kwa nini mumewe hakusubiri hadi kesho yake.

"Sijui, mheshimiwa," alisema Bi Nyamizi. "Sikuwahi kumwuliza."

"Hilo ndilo tatizo la ndoa za siku hizi," hakimu akasikitika. "Watu hawashauriani."

Akamhukumu kifungo pamoja na vicheko vigumu. Gerezani wafungwa waliamshwa alfajiri wakacheka mpaka mbavu zikauma, ndipo wakapewa uji. Kasubi alizikwa na majirani. Bi Nyamizi alipotoka alikuta nyasi zimekwisha kuota juu ya kaburi, akasimama hapo kidogo, akazing'oa. Tangu hapo jina lake lilikaa kwenye kompyuta za serikali, na mbele ya jina hilo paliandikwa neno moja: Mliaji.

*

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Kalunde. Binti huyo aliolewa ng'ambo ya mto Kivuo, katika nchi jirani, na seremala mmoja kijana aitwaye Ntwale. Watu wa ng'ambo hulia wakitaka na hucheka wakitaka, ovyo ovyo, bila ratiba. Magazeti ya Mustarehe huwaita "ndugu zetu waliochanganyikiwa".

Simu kutoka ng'ambo zinaruhusiwa, ila hupita kwanza Idara ya Hisia za Umma, ambako wafanyakazi hukaa na kusikiliza. Likitajwa jambo la huzuni, simu hukatwa. Huko Mustarehe habari mbaya kutoka nje ni magendo kama magendo mengine. Hukamatwa mpakani, zikawekwa na Idara mpaka pale mhusika atakapothibitishwa kwamba anaweza kuzipokea bila kuvuruga utulivu wa nchi. Ni utaratibu mzuri. Umepunguza sana misiba.

Ndiyo maana Kalunde, mimba yake ya kwanza ilipokuwa kubwa, alimpigia mama yake simu namna hii.

"Mama, nina raha."

"Raha gani tena, mwanangu?"

"Raha ya mimba. Imenizidi, mama. Imeshuka mpaka miguuni, hata viatu haviingii. Na uso umenawiri, macho yanakaribia kuziba. Kichwa nacho kinanichekesha mchana kutwa. Daktari amefurahi aliponipima, kaniambia nisiinuke kabisa kitandani."

Bi Nyamizi alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini taratibu. Mwanamke yeyote aliyewahi kuzaa angeelewa.

"Unataka nije tufurahi pamoja?"

"Njoo, mama. Njoo upesi. Naogopa kufurahi peke yangu."

Simu ikakatika. Hakuna neno baya lililotamkwa, lakini pengine msikilizaji wa siku hiyo naye alikuwa amezaa.

Kwao binti akijifungua mimba ya kwanza, mama yake ndiye huenda akamkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, akamwonesha jinsi ya kumshika mtoto shingo isilegee. Mama mkwe hafanyi kazi hiyo, wala jirani, hata awe hodari vipi. Bi Nyamizi alifunga unga wa ulezi na pilipili manga, akachana kanga zake kuukuu ili apate vitambaa laini vya mtoto, akajitwika furushi na kwenda darajani siku hiyo hiyo.

Askari wa darajani alibonyeza kompyuta yake, akaguna.

"Bi mkubwa, humu inaonesha wewe ni mliaji."

"Nililia mara moja tu, mwanangu. Nilifiwa na mume."

"Mara moja inatosha. Ukienda ng'ambo ukaangua kilio sokoni kwa watu, watasema Mustarehe hakuna raha."

"Nikilia huko, si kilio cha huko huko?"

"Machozi yana uraia, bi mkubwa," alisema askari, na alionekana kulipenda jibu lake, maana alilirudia kwa mwenzake. "Nenda kwenye Idara wakakupe Cheti cha Macho Makavu. Ukija nacho, mimi mwenyewe nitakubebea furushi."

*

Kwenye foleni ya Idara, Bi Nyamizi alikaa karibu na Mzee Gwandu, fundi saa, ambaye kosa lake lilikuwa kupiga miayo Rais alipokuwa akihutubia. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, kama mtu mwenye adabu zake, na mahakama ikamwongezea kosa la kuficha ushahidi. Mdogo wake aliishi ng'ambo. Gwandu alikuwa ameomba cheti mara nyingi hata walinzi walimwita kwa jina la utani, Mjumbe wa Kudumu.

"Mtihani wao ni mwepesi kuueleza, dada," alimwambia. "Wanakukalisha, wanakusomea jambo la kuhuzunisha. Kuna bibi anakubandikia karatasi ya shashi chini ya macho. Karatasi ikilowa, umefeli. Ikibaki kavu, unapewa cheti."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mimi sijawahi kupita."

Mtahini alikuwa Bwana Mbonde, Kaimu Msaidizi Mwandamizi wa Naibu Mkurugenzi wa Ukavu. Alikuwa na tabasamu la kazini, ambalo alilivaa alipofika ofisini na kulivua jioni. Kabla ya mtihani alimtolea kila mwombaji hotuba.

"Ndugu mwombaji! Jicho la raia ni dirisha la taifa. Serikali haijakukataza kuhuzunika, hata kidogo! Serikali inakuomba tu uhuzunike kwa ndani, katika muda wako binafsi, na kwa gharama zako mwenyewe. Sasa kaa vizuri."

Bibi mwenye karatasi za shashi, aliyeitwa Bi Mwasu, alimbandikia Bi Nyamizi mbili chini ya macho. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Bwana Mbonde akasoma kwamba kaburi la marehemu Kasubi limefukuliwa kupisha barabara ya msafara wa Rais, na kwamba mifupa imechanganyika na kokoto, haijulikani ipi ni ipi.

Karatasi zililowa mpaka zikadondoka zenyewe.

"Pole," alisema Bwana Mbonde kwa furaha. "Jaribu tena wiki ijayo."

Bi Nyamizi hakuenda nyumbani. Alikimbia mpaka makaburini, mtu mzima, viatu mkononi, na huko alikuta kaburi la mumewe limetulia kama alivyoliacha, nyasi zimeanza kuota tena, na hakuna barabara wala kokoto. Alikaa chini akahema.

"Ni uongo mtupu, dada," Gwandu alimwambia kesho yake. "Wana ofisi nzima ya kutunga. Mimi wameniulia mdogo wangu sijui mara ngapi. Juzi wamemwua kwa nyoka. Nikalia nikafeli, nafika nyumbani simu inalia, ndiye yeye, ananiuliza habari za mvua. Na bado wakimwua tena nitaamini. Nina moyo wa kijinga."

*

Simu ya pili ilikuja siku hiyo hiyo, kabla usiku haujaingia. Sauti ya Kalunde ilikuwa nzito, kama mtu anayezungumza na kitu kinywani.

"Mama, raha inaendelea. Nikifumba macho naona nuru, zinametameta. Zinapendeza."

"Mwanangu, nimekaribia. Kuna mtihani mdogo tu."

"Basi upite, mama. Usije ukakuta sherehe imekwisha."

Kesho yake alfajiri Bi Nyamizi alikuwa mlangoni kwa Mzee Gwandu, kati ya saa zake zilizokataa kwenda. Akamwambia: "Kaka, nifundishe kutokulia."

"Mimi? Mimi ninayefeli kila wiki?"

"Wewe ndiye unayezijua hila zao. Niambie mambo mabaya. Niambie mpaka nizoee."

Basi wakaanza. Gwandu alimwambia nyumba yake imeungua, Bi Nyamizi akatikisa kichwa, macho makavu. Alimwambia kaburi la Kasubi limesombwa na mafuriko, akameza mate, macho yakabaki makavu. Kila mara alijiambia moyoni: uongo huo, uongo huo. Ilipofika mchana alikuwa anazipokea habari zote kama anayetajiwa bei za vitunguu. Gwandu akampongeza.

"Bado," alisema Bi Nyamizi. "Hujaniambia lile."

"Lipi?"

"Unalijua, kaka. Na wao wanalijua. Watalisema hilo hilo."

Gwandu aliinamia saa aliyokuwa anaitengeneza. "Hilo siwezi. Hata kwa mazoezi siwezi. Ulimi wenyewe utakataa."

"Nikifeli tena atajifungua peke yake. Sema!"

Mzee yule alitazama ukutani, akasema haraka haraka, bila pumzi: "Kalunde amekufa."

Bi Nyamizi alilia. Alilia kwa kanga iliyosokotwa kinywani ili mtaa usisikie, na Gwandu akafunga dirisha na kuanza kucheka kwa sauti kubwa, kwa ajili ya usalama, machozi yakimtiririka naye. Bi Nyamizi akajifuta, akamwambia arudie. Gwandu akarudia. Walishinda hivyo mchana kutwa, watu wazima wawili, mmoja akimwua binti na mwingine akijifunza kumwacha afe. Nasimulia jambo hili kwa kicheko kama sheria inavyotaka, lakini nakiri kwamba linaniuma. Jua lilipoinama Gwandu alisema tena, "Kalunde amekufa," na Bi Nyamizi akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri cha gerezani, cha mbavu na mabega.

"Sasa umeiva," alisema Gwandu. Hakumtazama usoni.

*

Siku ya mtihani Bwana Mbonde hakutoa hotuba. Alikuwa amevaa koti, amefunga vifungo vyote, na alisoma akiwa amesimama. Bi Mwasu alibandika karatasi zake kisha akageukia dirishani.

"Bi Nyamizi," alisoma Bwana Mbonde, "Serikali ya Jamhuri ya Mustarehe inakuarifu kwamba binti yako Kalunde amefariki dunia huko ng'ambo, kwa uzazi."

Bi Nyamizi alisubiri kuona kama kuna zaidi. Hakukuwa na nyoka, hakukuwa na moto wala mafuriko. Aliona wazi kwamba siku hiyo watungaji wao walikuwa wavivu, hata akawaonea huruma kidogo. Akamfikiria Gwandu na dirisha lake, na Kalunde anayemsubiri kitandani miguu imevimba, na jinsi atakavyomsimulia upuuzi huu wote akiwa anamkanda mgongo. Kicheko kikamjia chenyewe. Alicheka mpaka akashika meza.

Karatasi zilibaki kavu kabisa. Bwana Mbonde alizibandua mwenyewe, akazishika juu mwangani, akawaita watu wa ofisi za jirani waje waone.

"Tazameni!" alisema, na sauti ilimtetemeka kwa fahari. "Miaka yangu yote ya utumishi sijaona ukavu wa namna hii. Huyu alikuwa mliaji! Huyu ni ushahidi kwamba serikali inaweza kumtengeneza mtu yeyote."

Wakampigia makofi. Makarani walipiga makofi, walinzi walipiga makofi, na mpiga picha wa gazeti aliitwa akaambiwa ampige akiwa bado anacheka. Bi Mwasu naye alipiga makofi, akiwa wa mwisho kuanza, mikono yake haipatani vizuri. Alipomkabidhi cheti alimshika kiganja kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Alifumbua mdomo, akamtazama Bwana Mbonde, akaufumba.

Gwandu alikuwa nje. "Wamekwambia nini?"

"Lile lile!"

Walicheka hapo kwenye ngazi mpaka mlinzi akawapa heko. Gwandu akamwagiza amsalimie mdogo wake, amwambie kwamba kaka yake bado anakuja. Bi Nyamizi alikuwa hasikii vizuri, akili yake ilishafika ng'ambo.

*

Siku hiyo hiyo askari wa darajani alikagua cheti, akapiga saluti, na kweli akabeba furushi mpaka katikati ya daraja, mahali ambapo nchi yake inaishia. Kutoka hapo Bi Nyamizi alitembea mwenyewe, na kwa furaha aliyokuwa nayo angeweza kufaulu mtihani mwingine.

Ntwale alikuwa amesimama upande wa pili, ameinamisha kichwa. Bi Nyamizi hakushtuka. Mkwe mwenye heshima hamtazami mama mkwe usoni, na Ntwale alikuwa na heshima tangu siku ya posa. Nyuma yake walisimama wanawake wawili wa ukoo wake, kanga zimefungwa kiunoni.

"Hamjambo, baba?" alisema Bi Nyamizi. "Nimechelewa, wamenisumbua hao. Mwenzio umemwacha na nani?"

Ntwale alipokea furushi. Hakuinua kichwa.

"Pole, mama."

"Ya nini? Sijachoka. Twende."

Mmoja wa wale wanawake akaangua kilio, kilio cha wazi, mikono kichwani. Bi Nyamizi alikuwa hajasikia sauti ya namna hiyo kwa miaka mingi. Aligeuka haraka kumtazama askari wa darajani.

"Nyamaza, dada," alimwambia. "Watakukamata."

"Mama." Ntwale sasa alimtazama usoni, akaivunja heshima yote. "Mama, kwani hawakukwambia? Nilipeleka habari darajani siku ile ile. Nikaomba uje umzike. Wakaniambia utaarifiwa rasmi. Leo nimerudi kuuliza, wakasema tayari, umearifiwa, na umeipokea vizuri sana. Tulikusubiri, mama. Tulimsubirisha na yeye mpaka ikawa haiwezekani tena."

Bi Nyamizi alisimama. Midomo yake ilikuwa inacheza cheza, ikijiambia jambo. Uongo huo, uongo huo. Alimtazama Ntwale, kisha wale wanawake, kisha Ntwale tena, akitafuta mwenye karatasi za shashi. Hakumwona.

"Mtoto yupo, mama," Ntwale alisema. "Wa kike. Kalunde alimwona kidogo. Akauliza kama umefika."

Wanawake wakamshika na kumkalisha chini barabarani. Walimwambia alie. Walimwambia huku hakuna wa kumkataza, alie tu, mama, toa. Alifungua kinywa. Mbavu zikapanda, mabega yakatikisika, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya gerezani, ile ile ya ofisini, na macho yake yalikuwa makavu. Aliisikia mwenyewe. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akawatazama kwa woga, mmoja mmoja, kama mtu aliyefumaniwa.

"Waliniambia," alisema, mikono ikiwa bado mdomoni. "Ni kweli, waliniambia. Walisimama wakaniambia mwanangu amekufa, nami nilicheka, baba. Nilicheka mpaka wakanipigia makofi."